Barua kwa Rehema: Majaketi Meusi ya NFA

Richmond, Virginia

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Huku tu wazima, ila baridi tu. Hongera kwa kufanywa mlezi wa klabu ya 4-K, ile ya kilimo shuleni! Mama Kadzo alinipigia simu usiku kunipa habari hiyo, nikashindwa hata kulala.

Imesadifu, maana binti yangu naye amejiunga na FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo huku. Kapewa jaketi la kodrai la buluu lenye jina lake kifuani, hataki kulivua. Jirani yetu, mzee Mmarekani Mweusi, alipomwona akaingia ndani akatoka na lake: jeusi, nyuzi za dhahabu, na kwenye nembo bundi, plau na tumba la pamba. La binti yangu lina hindi badala ya pamba. Kwapani limechanika, lakini mzee hulikunja kama kanzu ya Idi.

FFA ilianzishwa Kansas City mwaka 1928. Kusini mwa Marekani shule zilitengwa kwa rangi, kwa hiyo watoto Weusi hawakuwa na nafasi humo. Walimu wao walikuwa wameshaanza chama chao hapa hapa Virginia mwaka 1927, kikaenea majimbo mengine, na mwaka 1935 kikawa cha kitaifa kule Tuskegee, Alabama: NFA, yaani New Farmers of America. Lile jaketi jeusi la mzee ni la chama hicho. Kilikuwa na maafisa wake, mashindano yake, mkutano wake mkuu.

Mwaka 1965, baada ya Sheria ya Haki za Kiraia iliyokataza ubaguzi wa rangi, vyama vikaunganishwa. Rehema, hapa ndipo panaponiuma. Vijana kama 50,000 waliingia FFA, lakini jina lao, nembo na jaketi jeusi vyote vikaachwa. Kutenganishwa kulikuwa dhuluma, sibishi. Lakini muungano gani upande mmoja unabaki na kila kitu? Mweusi wa kwanza kuwa rais wa FFA kitaifa, Corey Flournoy wa Chicago, alichaguliwa mwaka 1994! Wasichana nao walifunguliwa mlango mwaka 1969. Namtazama binti yangu na jaketi lake, nafurahi, halafu namkumbuka mzee na lile tumba la pamba…

Ndiyo sababu nina ombi. 4-K yetu ya miaka ya 60, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ilififia hadi ilipofufuliwa mwaka 2021. Watafute waliokuwamo zamani, watoto wawahoji na kuandika majibu. Walilima nini, jembe nani alitoa, mavuno yalikwenda wapi. Tafadhali usiliache hili.

Babako si alikuwa 4-K kule Kaloleni, au ni mjomba? Bado ana picha? Mwalimu mkuu amewapa kiwanja, au mnangoja? Maji mnatoa wapi? Mmepanda mchicha au mmeanza na kuku? Na lini una nafasi uzungumze na mzee kwa simu? Ananiuliza kila siku hiyo 4-K ni kitu gani.

Wako,
Mwanaisha