Mhariri, hesabu ya heliamu mnaikwepa kwa nini?

Ndugu Mhariri,

Ile taarifa yenu kwamba wanafizikia wa chembe "wanagonganisha vumbi" huku wenzao wa nyota ndio wanaochunguza ulimwengu imenichosha. Nimenyamaza miaka mingi mkiandika hayo hayo. Sasa basi.

Chukueni heliamu tu. Sekunde moja hivi baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, joto lilikuwa nyuzi kama bilioni 10, na protoni na nyutroni, chembe zinazounda viini vya atomi, zilikuwa zikigeukageuka, hii kuwa ile. Ulimwengu ulivyotanuka na kupoa mageuzi yakakwama, ikabaki takriban nyutroni moja kwa protoni sita. Nyutroni ikiwa peke yake huoza, wastani ndani ya dakika 15 hivi. Kwa hiyo viini vilipoanza kushikamana, dakika chache baadaye, uwiano ulishashuka hadi moja kwa saba. Pigeni hesabu: nyutroni 2 na protoni 14 ni chembe 16. Nyutroni hizo 2 huchukua protoni 2 kuunda kiini kimoja cha heliamu, yaani 4 kati ya 16. Robo ya uzito wote, na robo hiyo ndiyo wanayoikuta wenye darubini kwenye gesi kongwe. Sasa ongezeni aina ya nne ya nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji: ulimwengu unatanuka upesi zaidi, nyutroni zinakwama zikiwa nyingi, heliamu inazidi. Watu wa nyota walishabana idadi ya aina za nyutrino kwa njia hiyo. Mwaka 1989 mashine ya LEP, pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, ikagonganisha elektroni na positroni (pacha zake zenye chaji chanya), na wakapima upana wa kilele kinachoonekana kwenye grafu ya migongano inapozaliwa chembe nzito iitwayo Z. Kila aina ya nyutrino ni njia moja zaidi ya Z kuoza, na kilele hutanuka. Jibu: aina tatu. Hao ndio wachezea vumbi wenu!

Halafu sifuri za namba zenu. Viini vya madini ya risasi vikigonganishwa hutoa supu ya kwaki na gluoni, yaani vipande vya ndani ya protoni na nyutroni, yenye joto zaidi ya mara 100,000 ya kitovu cha jua. Hizo ni trilioni za nyuzi. Ninyi mkaandika "mamilioni", na mwanafunzi akaniletea gazeti lenu kama ushahidi. Nyuzi milioni 15 ni kitovu cha jua lenyewe, hazihitaji handaki la kilomita 27 la mashine ya CERN. Wala huko si "kuumba upya ulimwengu". Ni tone dogo kuliko atomi, katika hali ya mikrosekunde za mwanzo.

Napendekeza hivi: mwandishi akitaja Mlipuko Mkuu, asilipwe mpaka aseme, katika sentensi hiyo hiyo, ni sekunde ya ngapi na nyuzi ngapi. Ikimshinda, ahamishiwe ukurasa wa unajimu. Kule sifuri hazihesabiwi.

Msomaji wenu wa siku nyingi