Wachina hawakubebwa kuingia WTO

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo tu. Kila Marekani na Uchina wakianza kupigana ushuru hakosi msomaji wa kuandika humu kwamba Wachina walibebwa kuingia Shirika la Biashara Duniani (WTO), eti Marekani ilifumba macho ndo maana leo inajuta. Mi nakataa. Kubebwa gani huko kwa miaka 15?

Maombi waliyapeleka Julai 1986, enzi hizo bado ni GATT, yaani ule mkataba wa biashara uliotangulia WTO, na wenyewe walidai hawaombi kuingia bali wanarudia kiti chao, maana Uchina ilikuwemo kwenye zile nchi 23 za mwanzo, sema serikali iliyokimbilia Taiwan ndo ikajitoa 1950. Mazungumzo yakaanza, 1989 jeshi likawaua waandamanaji kule Tiananmen, Beijing, mazungumzo yakadorora, 1995 WTO inazaliwa wao bado wako nje.

Ila utamu wenyewe uko 1999. Aprili waziri mkuu wa Uchina Zhu Rongji anatua Washington na mzigo wa maana, ushuru anashusha, mabenki, bima na simu anafungua, na kwao wapo wakubwa kibao wasiotaka kabisa hayo mambo. Rais Clinton wa Marekani akaogopa Bunge lake akamwambia bado. Halafu Wamarekani wakaianika hadharani orodha ya kila alichokubali! Yaani mtu karudi nyumbani mikono mitupu na siri zake zote ziko nje, kwao wakamuita msaliti. Wafanyabiashara wa Marekani walipoiona ile orodha wakamjia juu rais wao, siku chache tu Clinton anampigia simu Zhu kwamba turudi mezani, Zhu akagoma kumalizia kulekule Marekani. Mwezi haujaisha, Mei, mabomu ya NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, yanapiga ubalozi wa Uchina pale Belgrade, Yugoslavia, waandishi watatu wa Kichina wanakufa, mazungumzo yakafungwa kabisa.

Novemba sasa ni Marekani iliyofunga safari kwenda Beijing. Charlene Barshefsky, mwakilishi wa biashara wa Marekani, na Gene Sperling, mshauri wa uchumi wa Clinton, wakakaa siku sita, wakafika hadi kufunga mabegi, ndo Zhu mwenyewe akaja wizara ya biashara kumaliza. Hao Wamarekani wakitaka kuongea na Clinton faragha ilibidi wajifungie choo cha wanawake, na yeye yuko safarini Uturuki. Tarehe 15 dili likasainiwa.

Na hapo bado! Wazungu wa Ulaya nao walitaka lao, wakalipata Mei 2000, Mexico ikakaza hadi Septemba 2001. Kwenye ruzuku ya kilimo nchi zinazoendelea zinaruhusiwa asilimia 10 ya thamani ya mazao, zilizoendelea 5, Uchina ikaishia 8.5, sijui hiyo ni nchi ya aina gani. Tena wakakubali kwamba kwa miaka 15 wakishtakiwa kuuza nje kwa bei ya kutupa, anayeshtaki anaweza kuziweka kando bei za kwao akapigia hesabu za nchi nyingine.

Kama baadaye kuna ahadi hawakutimiza hiyo ni kesi nyingine, na mi mwenyewe nina maswali nayo. Ila kwenye mkutano wa WTO kule Doha, Qatar, walipitishwa 10 Novemba 2001, Taiwan ikapitishwa kesho yake, maana Beijing ilishasema hao hawatangulii. Foleni hiyo waliipanga wenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi