Wito wa harambee: tuyaandike makaburi ya kale ya Unyanyembe

Kwa wazazi, wanafunzi wa zamani na wana Tabora wote, mlio nyumbani na mlio ugenini,

Kamati ya shule inawaomba mchango wa fedha na wa kumbukumbu ili wanafunzi, wakiongozwa na mwalimu wao wa historia, waandike daftari la makaburi ya kale ya Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, kisha kichapishwe kijitabu cha kugawiwa shule jirani. Tunaomba sasa kwa sababu wazee wanaojua nani kalala wapi wanazidi kupungua.

Tuchukue Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ambako wageni hupelekwa kuona tembe (nyumba ya udongo) alimokaa David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, mwaka 1872. Huko alizikwa John William Shaw, baharia Mwingereza aliyefuatana na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, akarudishwa kutoka safarini kwa ugonjwa mnamo Septemba 1871, na akawa amekwisha kufa Stanley alipofika Kwihara kutoka Ujiji pamoja na Livingstone Februari iliyofuata. Shaw alipokuwa hai Stanley hakumsifu sana. Hata hivyo aliwaamuru watu wake wakusanye mawe juu ya kaburi lile, na ndiyo sababu jina la baharia huyo tunalo. Wapagazi walioyabeba mawe hayo hawakurundikiwa mawe na mtu.

Oktoba 1873 kulifika Unyanyembe msafara ambao, kwa maoni yetu, ungestahili ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, Waafrika waliomtumikia Livingstone safarini, walikuwa wameubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha mtemi Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambako moyo wake ulizikwa. Verney Lovett Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapa, aliwashauri mwili wazike papa hapa. Wakakataa, wakaendelea hadi pwani, na Livingstone akazikwa Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874. Wangekubali, leo tusingehitaji kuomba hata senti, maana watalii wangetujengea ukuta wenyewe! Wainwright alikuwepo kwenye mazishi hayo ya London, kisha akarudi Afrika, akafia Urambo mwaka 1892. Ni wanafunzi wangapi wa mkoa huu wamefundishwa kwamba mtu huyo alimalizia maisha yake kwetu?

Daftari halitakuwa la wasafiri peke yao. Limo jina la Khamis bin Abdullah, mfanyabiashara Mwarabu aliyeuawa Agosti 1871 watu wa Mirambo, mtemi wa Urambo, walipoushambulia mji, na limo jina la Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwezi Januari 1893, Wajerumani walipoingia katika boma lake, alilipua baruti aliyoihifadhi kuliko kujisalimisha. Wapo pia askari na wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyowaleta Wabelgiji mjini tarehe 19 Septemba 1916. Hawa wa mwisho ndio wagumu zaidi, kwa kuwa waliokufa wakibeba mizigo ya jeshi mara nyingi walizikwa kando ya njia.

Fedha zitalipia nauli za wanafunzi kwenda Kwihara, Itetemia na Urambo, karatasi, picha na uchapaji. Hatutagusa kaburi lolote, hatutapaka saruji wala chokaa, na kibao hakitasimamishwa bila idhini ya wanaohusika na mambo ya kale pamoja na familia zenyewe. Makaburi ya kitemi yataandikwa kwa namna ukoo utakavyoridhia, na kama ukoo utasema yasiandikwe, hayataandikwa.

Mwenye shilingi 2,000 atoe, mwenye 50,000 atoe, na mwenye gari la kutuazima kwa siku moja atakuwa ametupunguzia gharama kubwa kuliko zote. Kila mchango utapokewa na mweka hazina kwa stakabadhi, na hesabu ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Wazee wetu, na ninyi mnaoishi nao, tunawaomba pia majina. Andikeni kwenye karatasi jina la marehemu, mahali alipozikwa, mwaka kama unakumbukwa, na aliyewasimulia, kisha mlete ofisini kwa mwalimu mkuu saa za kazi. Asiyeweza kuandika aagize tu, na wanafunzi watamfuata nyumbani na daftari.