Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kichochoro cha Nyuma ya Ukumbi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana wa Jinja,

Mambo ya ada na matumizi atayasoma mweka hazina, sitamwingilia. Mafunzo ya ushonaji yalifanyika. Mkutano wa Agosti haukufikia akidi, na wasiofika wanajijua. Muda wetu mwingi mwaka huu uliliwa na kichochoro, basi nitasema hicho.

Wengi wetu tumekipita miaka yote tukiziba pua. Vichochoro vya aina hii viliachwa nyuma ya maduka katika miji ya enzi za mkoloni ili watu wa ndoo wazoe vinyesi usiku bila kuonekana barabarani. Ndoo zilikwisha, njia ikabaki kwa mama wa samaki na watoto wa shule waliochelewa.

Kamati ilipowapa wanafunzi wa sekondari mahali hapo wasimike kazi ya sanaa, mimi nilitaka picha kubwa ukutani: Nile, bwawa, na nembo ya chama pembeni. Nakiri. Mwalimu wao, aliyesoma Makerere kwenye shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, hakubishana nami. Aliwakalisha kichochoroni siku tatu bila rangi wala brashi, waandike nani anapita, saa ngapi, amebeba nini. Wajumbe wawili waliniuliza kama hiyo ndiyo kazi tuliyoichangia. Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuwa kwenye daftari lao. Kichochoro kimelala kaskazini-kusini, kuta ni ndefu, kwa hiyo kutwa nzima ni kivuli. Lakini saa saba kasoro mchana jua hushuka hadi chini, likakaa kidogo, likaondoka. Mimi nina miaka thelathini hapa na sikuwahi kuliona.

Wakakusanya jerikeni kuukuu za manjano, zile za lita 20, wakazikata maumbo ya ngege, majani na viganja, wakazitungika kwenye nyaya kutoka ukuta hadi ukuta. Kabla ya kukaza waya wa kwanza walimsimamisha mama wa samaki akiwa na beseni kichwani, wakampima. Sasa ukipita asubuhi utaona plastiki inaning'inia tu. Pita saa saba kasoro: samaki wa manjano wako chini, wanapanda miguuni mwako.

Ugomvi uliletwa na lubugo, kitambaa cha gome la mti. Vijana walitaka kuutandaza juu ya njia, kwenye kona ya giza. Mzee wetu mmoja akasimama: "Lubugo tunazikia watu. Mnataka tupite chini ya sanda tukienda sokoni?" Vijana wakajibu kwamba Kabaka, mfalme wa Buganda, pia huuvaa akitawazwa, na kwamba UNESCO iliuingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008. Mzee akasema UNESCO haijamzika baba yake. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na haki, ndiyo maana niliahirisha kikao, ingawa mlininung'unikia.

Binti mmoja akaenda nyumbani kwa mzee, akamwomba awapeleke kwa mtu anayeugonga. Walikwenda, wakaona gome la mutuba likitandazwa na kupigwa nyundo za mti zenye mifereji hadi likapanuka na kulainika. Mzee akarudi na sharti moja: lubugo usimfunike mpita njia. Ukae ukutani, nyuma ya benchi, chini ya roshani. Mvua za Oktoba zilipoanza tukaelewa tumeponea wapi, maana lubugo ukilowa huchanika kama karatasi, na pale roshani iliukinga.

Hakuna kibao cha maelezo. Kamati iligawanyika kati ya Lusoga, Kiingereza na Kiswahili, wanafunzi wakasema bora kisiwepo kabisa.

Malalamiko ninayo pia. Ofisi moja ilikaa na barua yetu ya kibali hadi nikaijua rangi ya kila kiti chake. Na vipande kadhaa vimechukuliwa. Samaki mmoja nimemwona dirishani kwa kinyozi. Sikumdai.

Nyaya zimelegea, na lazima zikazwe kabla ya mvua za Machi. Wanafunzi wako tayari Jumamosi. Ngazi yetu bado iko kwa fundi redio, aliyeiazima tangu Idi. Naomba mmoja wenu, si mimi tena, akamwombe airudishe.