Tafiti za wanawake wa Tabora na Kigoma ziache nakala huku huku

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo moja kuhusu tafiti zinazofanywa juu ya wanawake wa mikoa yetu. Watafiti wanakuja, wanahoji, wanashukuru, wanaondoka, na mara nyingi huku nyuma haibaki hata karatasi moja. Ofisa maendeleo ya jamii akitaka kujua nini kilishaandikwa kuhusu wanawake wa tumbaku wa Urambo au wakaushaji dagaa wa Kibirizi, hana pa kuanzia ila kupiga simu Dar es Salaam kwa mtu anayemfahamu. Tatizo hili lina dawa, na dawa yenyewe ilionekana Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Chuo kilikua, wahadhiri wanawake wakaongezeka, na mwaka 1980 baadhi yao kutoka idara mbalimbali wakaanzisha Mradi wa Utafiti na Uhifadhi wa Nyaraka za Wanawake, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, WRDP. Utafiti wake umesifiwa sana, na kwa haki. Sisi tunataka kuutetea uhifadhi wake, kwa sababu hauzungumzwi.

Mwaka 1983 wawili kati ya wanachama wake, Ophelia Mascarenhas, mkutubi, na Marjorie Mbilinyi, mtafiti wa elimu na maendeleo, walichapisha kule Uppsala, Sweden, orodha yenye uchambuzi ya maandishi yahusuyo wanawake wa Tanzania. Si kazi ya kumpendeza anayetaka jina haraka. Inabidi kufukua tasnifu ambazo hazikuchapishwa, mada za semina zilizopigwa chapa kwa mashine na ripoti za wizara, kisha kila moja isomwe na kuelezwa: inasema nini, imetumia njia gani, imeacha nini. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba habari za wanawake hazipo. Mapengo nayo yakaonekana, maana huwezi kuona kilichokosekana kabla hujapanga kilichopo.

Mwaka 1991 kikafuata kitabu cha WRDP cha historia za maisha ya wanawake, kilichohaririwa na Magdalene Ngaiza na Bertha Koda. Wengine kutoka kundi hilo hilo la wasomi walishiriki kuanzisha TGNP, mtandao wa jinsia Tanzania, mwaka 1993. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilipotungwa, wanaharakati na wanasheria wanawake walikuwa na hoja mkononi. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba lazima liwe na wanawake watatu. Hoja za namna hiyo hazijengwi kwa wiki moja, hutoka kwenye makabrasha ya miaka mingi.

Sasa tuje kwetu. Kosa linalorudiwa huku huanzia kwenye dodoso. Swali la kwanza ni "mkuu wa kaya ni nani?", la pili ni "unafanya kazi gani?" Mama wa Kaliua atajibu, "Niko nyumbani tu." Mtafiti anaandika "mama wa nyumbani" na kuendelea. Mama huyo huyo amepalilia tumbaku, amefunga majani kwenye fito kabla hayajaingizwa banini, yaani kwenye jengo la kukaushia, na yalipotoka amekaa siku nyingi akipanga madaraja, jani moja moja, kwa rangi na ukubwa. Lakini uanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mara nyingi ni wa mume, na malipo huingia kwenye akaunti ya mume, kwa hiyo kwenye takwimu mkulima ni mume.

Dawa yake ni kuuliza hivi: "Jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini? Halafu?" Unakwenda saa kwa saa mpaka alipolala, na unauliza pia kazi alizofanya mbili kwa pamoja, kama kupanga tumbaku huku mtoto yuko mgongoni. Utafiti wa nguvukazi wa taifa uliingiza matumizi ya muda mwaka 2006 na tena 2014, kwa hiyo njia hii si ngeni serikalini. Usiulize msimu wa kukausha tumbaku umepamba moto, utapata majibu ya kukatiza. Na usimhoji mke huku mume kakaa kwenye kiti pembeni, maana hapo utakuwa umemhoji mume.

Kigoma kosa ni lile lile kwa sura nyingine. Ukihesabu wavuvi kwa leseni na mitumbwi, wanawake wanaonunua dagaa mwaloni, wanaoanika, wanaogeuza na kuuza, hawamo. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipofungwa kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei 2024, swali la nani anapoteza kipato lilihitaji majibu ya haraka. Majibu ya haraka hupatikana tu kama kuna kabati la kuyatoa.

Kabati hilo linawezekana bila jengo jipya. Kila mtafiti, awe na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, au barua ya chuo chake, hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa kabla ya kushuka wilayani na kijijini. Pale pale pawekwe daftari: jina la utafiti, vijiji, tarehe, na ahadi iliyosainiwa ya kuleta nakala mbili za ripoti. Moja iende Maktaba ya Mkoa, nyingine kwenye maktaba ya chuo kilichopo mkoani. Ndani ya kila nakala ziwekwe kurasa mbili za muhtasari kwa Kiswahili, kwa kuwa waliohojiwa wana haki ya kusoma walichosema. Miezi 12 ikipita bila nakala, ofisi imwandikie msimamizi wa mtafiti, si mtafiti mwenyewe, ambaye pengine ameshahitimu na kubadilisha namba ya simu.

Sauti za mahojiano zinahitaji uangalifu zaidi. Kila faili lipewe tarehe, kijiji, lugha na namba ya msimbo, kamwe si jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae mahali pengine, chini ya ufunguo, hasa pale wanawake wanapozungumzia vipigo au talaka. Mahojiano ya Kinyamwezi au Kiha yahifadhiwe katika lugha hiyo pamoja na tafsiri, kwani tafsiri mbovu inaweza kurekebishwa ikiwa sauti ya asili ipo. Ziwepo nakala tatu, moja nje ya jengo. Karatasi ziondolewe pini za stepla, ambazo hushika kutu na kula kurasa. Maboksi yawe juu ya rafu, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni na mbali na ukuta, na yakaguliwe kila mwezi. Mchwa wa Tabora wanajulikana.

Wataalamu hawakosekani. Chuo cha Utumishi wa Umma hapa Tabora, ambacho wengi bado wanakiita Uhazili, kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu. Wanafunzi wake wanaweza kufanya mazoezi ya vitendo kwa kupanga mkusanyo huu. Chuo Kikuu Huria kina vituo Tabora na Kigoma. Kigoma, penye kambi ya Nyarugusu tangu 1996, zimepita tafiti nyingi za wanawake wakimbizi, na kuzikusanya hizo peke yake ni kazi ya kutosha kwa mwaka wa kwanza.

Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi hapa Tabora, ilitawaliwa na mwanamke, Nyaso, baada ya mtemi Isike kushindwa na Wajerumani Januari 1893. Mwanafunzi wa sekondari hapa mjini anayetaka kumsoma aelekezwe rafu gani? Tunawaomba Makatibu Tawala wa mikoa yote miwili waanze na daftari hilo katika mwaka huu wa fedha. Gharama yake ni daftari, muhuri na mtumishi mmoja aliyepewa jukumu kwa barua.

Wakutubi na watafiti wa masuala ya jinsia,
Tabora