Yule baba wa pangoni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako niliipata, na ile sehemu unayosema binti yako amekununia kwa sababu umemkatalia kwenda kusoma mbali nimeirudia mara kadhaa. Sikutaka kukujibu harakaharaka. Sasa nimepata pa kuanzia, na usishangae nikikwambia ni filamu ya katuni. Inaitwa The Croods, ilitoka mwaka 2013, na inahusu familia ya watu wa kale wanaoishi pangoni. Watoto wanaipendea vichekesho vyake na wale wanyama wa kubuni ambao hawajawahi kukanyaga dunia hii. Mimi aliyenishika ni baba.

Anaitwa Grug, na sauti yake ni ya Nicolas Cage. Mwanzoni kabisa tunaambiwa kwamba familia hii ilikuwa na majirani. Wameisha wote, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa mnyama, wengine kwa kuumwa na mbu, wengine kwa mafua tu. Ndiyo maana Grug anashikilia kwamba kila kitu kipya ni kibaya, na kwamba mtu asiache kuogopa hata siku moja. Jua likizama, wote ndani, na jiwe mlangoni. Ni rahisi kumcheka na kumwona mkaidi anayemfungia dunia binti yake, Eep. Lakini jiulize, nani katika eneo lile amefanikiwa kuwaweka watu wake hai? Ni yeye peke yake. Amri zake zote zimetoka makaburini.

Usiku huwasimulia hadithi na kuichora ukutani, na hadithi ni ileile: fulani alivutiwa na kitu kipya, akakisogelea, akafa. Hapo ndipo mwisho.

Kisha Eep anaona mwanga nje, anaufuata, anakutana na kijana anayeitwa Guy ambaye anajua kuwasha moto. Ardhi inatetemeka, pango linabomoka, inabidi familia nzima iondoke na kijana huyo. Katikati pana mbio na vituko vingi, hayo utayaona mwenyewe. Nililoliwaza sana ni kwamba Guy naye amefiwa. Wazazi wake walizama kwenye lami yeye akiwa mdogo, na neno lao la mwisho kwake lilikuwa asijifiche, aishi. Kwa hiyo hawa wawili wanaogombana njia nzima wana msiba unaofanana. Mmoja alitoka msibani akatafuta pango, mwingine akatafuta jua. Filamu haisemi kwamba mmoja anapenda zaidi ya mwenzake, na hilo ndilo lililonifanya niiamini.

Wanafika mahali ardhi imepasuka, vumbi limetanda, ng'ambo haionekani. Grug si mtu wa mawazo, alichonacho ni nguvu. Anaamua kuwarusha mmoja mmoja wavuke, akijua fika kwamba yeye hana wa kumrusha. Wa mwisho ni Eep, ambaye wamekuwa hawaelewani siku zote hizo. Maneno yanawaishia. Anamkumbatia, jambo ambalo katika familia ile halijawahi kufanyika, na baba aliyemfundisha kuogopa siku zote anamwambia asiogope kamwe. Kisha anamrusha. Nililia, Rehema, na sioni haya kukwambia.

Akiwa amebaki peke yake, anaingia katika pango jingine na kijinga cha moto, anaanza kuchora. Mkono ni uleule uliokuwa ukichora vifo, lakini safari hii anachora familia yake yote, na hakuna anayekufa. Ni baada ya mchoro huo ndipo anapopata wazo lake mwenyewe, na kwa wazo hilo anavuka kuwafuata.

Watu wa kale wa kweli hawakuwa mbali na moyo huo. Katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, watafiti walifukua kaburi la mtoto wa umri wa karibu miaka 3, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na dalili zinaonyesha kuwa alikuwa amefunikwa, na kichwa kimeegemezwa kwenye kitu kama mto kilichokwisha kuoza. Walimzika palepale pangoni, karibu na walipokuwa wakiishi. Tangu niliposoma habari zile, siwezi tena kumwona Grug kama kichekesho.

Sasa nisikilize, ndugu yangu. Nilikuwepo siku mdogo wako aliposafiri akiwa mzima na kurudishwa akiwa maiti. Tangu siku ile, ukimsikia mwanao anataja safari, wewe unaliona jeneza. Sikuambii umruhusu, gharama unazijua wewe, na hicho chuo sikijui. Ninachokuomba ni kwamba mwambie habari za mjomba wake, yote, hata yale uliyoniambia mimi tu. Yeye alikuwa mdogo mno, hakumbuki. Anachokiona sasa ni mlango uliofungwa, hajui umefungwa kwa sababu ya nani.

Filamu yenyewe inachukua kama saa moja na nusu. Itazameni pamoja, wewe na yeye, msiwe na mtu mwingine chumbani. Akicheka, mwache acheke. Mkifika pale kwenye ufa, usitoke.

Nitapiga simu Jumapili jioni unieleze alivyosema. Mwambie mama yake mdogo anamsalimu sana.

Wako daima,
Saida