Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: choo cha shule na mgongo wa kaka

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Makorora. Mimi ni wa saba katika watoto kumi. Polio ilinipata nikiwa na miaka miwili, mguu wa kulia ukasinyaa, na tangu hapo natembelea magongo.

Nilisoma kwa sababu tulikuwa wengi. Kaka wa nne alinipakia kwenye keria ya baiskeli, kanifunga kamba ya katani kiunoni nisidondoke kwenye mashimo. Alipomaliza darasa la saba, akapokea wa tano. Darasa lilikuwa na ngazi nne, nikabebwa mgongoni. Nikibanwa na haja, kaka aliitwa aje anishike mabega, maana choo kilikuwa cha tundu na mimi siwezi kuchuchumaa. Nilipofika darasa la tano nikaacha kunywa chochote asubuhi. Ulimi unanata kwa kiu, lakini afadhali hivyo kuliko kumtoa kaka darasani mbele ya wenzake. Mama aligundua siku aliponiona namwaga chai mchangani. Alilia.

Nyumbani hawakunidekeza. Zamu yangu ya kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi haikurukwa hata siku moja, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo.

Sasa mtaani kwetu yupo binti wa miaka minane, miguu yote miwili haina nguvu. Yuko na mama yake tu, muuza mihogo ya kukaanga. Hana kaka wa nne wala wa tano. Ada imefutwa, ndiyo, lakini ngazi ziko palepale na choo ni cha tundu vilevile. Mama humbeba hadi shuleni, saa nne huacha karai jikoni akampeleke chooni. Asipoweza, mtoto anashinda ndani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Binti huyu amezaliwa ameikuta. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, tunayotengewa watu wenye ulemavu kwa mikopo, tunaishukuru, ila ni ya watu wazima. Mtoto wa darasa la pili haimfikii.

Naomba bajeti ijayo iipe kila shule ya msingi ya Jiji njia moja ya mteremko ya saruji, na choo kimoja cha kukaa, chenye mlango mpana na vyuma vya kushikia. Mafundi wa kazi hiyo wapo tele hapa hapa Ngamiani. Ukipata nafasi, njoo siku ya shule kabla ya saa nne. Nitakungoja barazani, twende wote tukamwone mama huyo akivuka barabara.

Mkazi wa Makorora, Tanga